Mikoko ya Delta ya Rufiji: kila kundi liulizwe peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jinsi tunavyoipima thamani ya mikoko ya Delta ya Rufiji, msitu wa takriban hekta 53,000. Kila unapoletwa mpango mpya, uwe wa kupanda miche au wa biashara ya hewa ukaa, huitishwa mkutano mmoja wa kijiji, wachache husema kwa niaba ya wote, kisha huandikwa kwamba wananchi wameafiki, ilhali wananchi hao hawauoni msitu huo kwa jicho moja.

Mkata boriti hutazama unyoofu wa mkoko na mkandaa, aina mbili za miti ya msitu huo. Mvuvi wa kamba anajua kuwa mizizi ya miti hiyo hiyo ndiyo malezi ya kamba wachanga, kwa hiyo mti uliosimama una faida kubwa kwake kuliko ulioangushwa. Mrina asali hutazama maua, na mtaalamu wa tabianchi hutazama kaboni iliyofukiwa topeni.

Anayesikilizwa kidogo na kulaumiwa sana ni mkulima wa mpunga wa upande wa kaskazini, ambako maji ya mto huzimua chumvi kiasi cha mpunga kustawi. Kwake neema ni udongo wa mafuriko, na mikoko ni kivuli juu ya shamba na makazi ya kaa wanaokata miche yake. Kufyeka mikoko ndani ya hifadhi ili kulima ni kosa, wala sitetei ufyekaji huo. Lakini baada ya misimu michache magugu na kaa humzidi nguvu, akafungua shamba jingine, na sioni katazo litakalodumu iwapo hatujamuuliza familia yake itakula nini. Wanawake, ambao ndio hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kupanda na kupalilia, wakati wa msimu huwa wako kondeni, wengine wakilala kwenye madungu kulinda mpunga, mkutano ukifanyika kijijini bila wao.

Naziomba mamlaka za misitu na halmashauri zikutane na kila kundi peke yake, huko huko liliko, na faida linazozitaja zisomwe mbele ya makundi mengine kabla ya mipaka kuchorwa. Pale faida zinapogongana, kama za mpunga na za kamba, iandikwe waziwazi ni kundi gani litakalopoteza, na litafidiwa nini.

Msomaji wako,
Kibiti, Pwani