Kengele ya Mbuzi Mlangoni

Sakina, Arusha
21 Julai

Shoga yangu Salome,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Julai ya huku ni ileile unayoikumbuka: nguo zinakauka siku ya tatu, na Mlima Meru wiki nzima hatujauona. Watoto hawajambo, Baba Neema hajambo. Mama mkwe alikuwa hapa mwezi mzima, ameondoka juzi kurudi Singida. Habari zake nitakupa mbele.

Ujumbe wako niliusoma kwenye daladala nikacheka peke yangu. Yaani wewe, uliyekuwa ukipanda kitanda cha juu bwenini kwa sababu mbwa amebweka nje ya uzio, leo unalea mtoto wa mbwa ghorofa ya tatu Upanga! Unauliza nilimfanyaje mbwa wetu Karanga mpaka akajua kuomba ruhusa ya kutoka. Ngoja nikueleze, na aibu zangu pia nitakutajia.

Alikuja katikati ya Mei, ana wiki nane, rangi ya karanga za kukaanga kuanzia pua mpaka mkia. Nia ilikuwa alale bandani kama mbwa wa watu wengine. Baridi ikaingia, katoto kakalia usiku kucha, Neema naye akalia, tukamwingiza ndani "kwa siku mbili tu". Unazijua siku mbili za nyumba hii.

Wiki ile nilideki mpaka mgongo ukaniuma. Baba Neema akaja na dawa ya kwao: mshike, msugue pua kwenye mkojo wake, mchape kandambili moja. Alifanya hivyo mara mbili nikiwa kazini. Karanga hakuacha kukojoa ndani, aliacha kukojoa mbele yetu. Akawa anakwenda nyuma ya kochi, na sisi tunajulishwa na harufu. Tena ikawa tabu hata nje, maana nikisimama karibu anajibana, ananitazama, tukirudi ndani tu anamwaga.

Aliyenifungua macho ni daktari wa mifugo siku ya chanjo. Alisema hesabu umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujibana mchana, na hapo ni makadirio tu. Wa miezi miwili, saa tatu, usimdai zaidi. Akiamka, akimaliza kula, akitoka kucheza, mtoe nje bila kusubiri dalili. Na dalili zipo: ananusa sakafu, anazunguka, anaacha mchezo ghafla na kuelekea mlangoni. Sasa yeye anasema kimyakimya na wewe uko jikoni unakaanga vitunguu, utasikiaje? Mtafutie kitu cha kupiga kelele, akaniambia.

Nikaenda soko la Ngaramtoni nikanunua kengele ya mbuzi, ile ndogo ya bati. Mara ya kwanza kuitikisa, Karanga akakimbilia chini ya meza akakataa kutoka. Nikaufunga ulimi wa kengele kwa kitambaa ili ilie kidogo, nikaipaka harufu ya dagaa, nikamshikia karibu na uso. Akiigusa tu kwa pua, anapata kidagaa kimoja. Dakika tano asubuhi, tano jioni, siku tatu. Ndipo nikaitundika mlango wa jikoni kwa kamba, usawa wa pua yake, na kile kitambaa nikakiondoa taratibu.

Baada ya hapo, shoga, kila safari ya nje ilianzia kwenye kengele. Kila safari! Anaigusa, mlango unafunguliwa papo hapo, tunakwenda kona ileile chini ya mparachichi, namwambia "kojoa" mara moja, nanyamaza. Nilikuwa nampa dagaa baada ya kurudi ndani, daktari akanicheka: hapo unamlipa kwa kurudi. Mpe akimaliza tu, palepale alipochuchumaa. Kwa hiyo mifuko ya madera yangu yote ilinuka dagaa, na ofisini niliwahi kuulizwa.

Na lazima nyumba nzima mfanye jambo moja. Huyu anafungua bila kengele, yule akisikia kengele anasema "subiri kwanza nimalize taarifa ya habari", hapo unamvuruga mtoto. Nilimwita dada, watoto na Baba Neema, nikafanya kikao. Baba Neema alikuwa mgumu kuliko mbwa.

Sasa aibu yangu. Siku ya kumi na moja, Jumamosi, nilikuwa napiga pasi. Nikasikia ngili-ngili. Nikajua ni mbuzi wa jirani wanapita barabarani, nikaendelea na kola ya shati. Ikalia tena. Nikaenda jikoni kunywa maji, nikamkuta Karanga amekaa chini ya kengele, kidimbwi kiko pembeni yake, masikio yamelala. Alikuwa ameomba, Salome. Mara mbili! Mwalimu mwenyewe ndiye hakuwepo darasani. Nilipangusa nikiwa nimemgeuzia mgongo, kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

Pa kupangusa, usiishie kwenye sabuni ya unga. Sisi tunaona pamenukia, yeye bado anausikia mkojo wake na atarudi palepale. Mimi natumia siki na maji nusu kwa nusu. Ila kama sakafu yenu ni ya marumaru ya mawe yenyewe, siki inaila. Tafuta dawa ya kuondoa mkojo kwenye maduka ya vifaa vya wanyama.

Alipoelewa, akaelewa kupita kiasi. Mama mkwe aliletewa kuku wanne kutoka Singida, na Karanga akagundua kwamba kengele inafungua mlango, na nje kuna kuku. Siku moja alipiga mara kumi na nne kabla ya saa sita mchana, Neema alihesabu. Nilitaka kuing'oa, lakini ningekuwa nimemwambia kwamba kusema hakufai. Nikaanza kumtoa kwa kamba: moja kwa moja mparachichini, dakika tatu, hakuna kitu, ndani. Kuku tunawapita bila salamu. Kucheza nje kukawa na saa zake, na mimi ndiye ninayeanzisha. Baada ya wiki hivi, kengele za uongo zikapungua. (Akipiga mara nyingi na kutoa matone tu, huyo si mwongo, mpeleke akapimwe, anaweza kuwa na maambukizi ya mkojo.)

Wewe una ngazi za ghorofa tatu, na hilo ni jambo lingine. Kengele ikilia mbebe, usimwache ashuke mwenyewe, hatafika. Na asikanyage chini wanakopita mbwa wengine mpaka daktari wake aseme chanjo zimetosha; virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo muda mrefu na watoto wa mbwa vinawaua. Kwa sasa weka beseni pana lenye udongo kibarazani, kengele uitundike kwenye mlango wa kibaraza. Atakapoanza kushuka, uihamishie mlango mkubwa.

Nirudi kwa mama mkwe. Alipofika alisema kwao mbwa analinda nyumba, hawekwi sebuleni kama mgeni. Sikubishana. Lakini yeye huamka saa kumi na moja alfajiri kusali, na saa hizo ndizo kibofu cha Karanga kinapojaa. Asubuhi ya tatu nikasikia kengele, nikajifanya nimelala. Nikasikia kitasa, kisha sauti yake nje kwenye ukungu: "Haya, kojoa basi, unangoja nini, baridi hii!" Tangu siku hiyo zamu ya alfajiri ikawa yake. Analalamika, lakini dagaa kwenye kopo walikuwa wakipungua na mimi sikuwatoa.

Juzi anafunga mizigo akaniuliza kama anaweza kuichukua ile kengele. Roho yangu ikalainika, nikadhani anataka kumbukumbu ya Karanga. Kumbe ana beberu anayepotelea porini kila wiki. Nikaifungua nikampa, mama mkwe utamnyimaje kengele?

Sasa nakuomba, ukipita Kariakoo nitafutie njuga au kakengele kokote, mpe mtu wa basi. Ngaramtoni nitakwenda mwisho wa wiki, lakini mpaka hapo sijui itakuwaje. Jana jioni nimemkuta mlangoni anaisukuma ile kamba tupu kwa pua, anageuka kunitazama, anaisukuma tena.

Wako,
Mama Neema