YAH: Mbuzi wa buluu mliyemfumua kwenye zulia langu

Kwa Meneja,
Idara ya Kufua na Kutengeneza Mazulia,
Maskati.

Assalaamu alaykum.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichonisemesha siku ya Alhamisi mbele ya watu. Masharti yaliyo nyuma ya risiti mnayajua, mmeyaandika wenyewe. Zulia langu la Waqashqai, wale wafugaji wa kuhamahama wa Iran, nililileta lifuliwe. Lifuliwe tu.

Kijana wako alipolikunjua nilidhani amenitolea la mtu mwingine. Nikamtafuta mbuzi wangu. Ubavuni mwa lile umbo la almasi lililofumwa katikati, kushoto, palikuwa na mbuzi wa buluu. Mwenzake wa kulia ni mweupe. Wa buluu hayupo. Mahali pake mmefuma mbuzi mweupe, mpya, vifundo vimekazwa kama vya mashine. Nikakuuliza kwa adabu, mbuzi wangu yuko wapi? Ukasimama na viatu vyako juu ya zulia, ukacheka, ukasema: "Mama, yule alikuwa kosa. Wale wanawake wa mahemani hawajui kuhesabu. Tumekurekebishia bure, utushukuru."

Bure! Nimelipa riali 35.

Wala si mbuzi peke yake. Wekundu wa mji wa zulia, yaani uwanja wake wa ndani ya pindo, ulianza mzito kama komamanga lililoiva, ukafika theluthi ya juu ukageuka rangi ya tofali. Ndivyo inavyokuwa mtu anapochemsha mizizi ya runasi, mmea utoao rangi nyekundu, atie rangi sufu yake mwenyewe, chungu kimoja kikaisha akaanzisha kingine, pengine kambi nyingine kabisa, maana watu hawa huhama na mifugo kutoka malisho ya baridi kwenda ya kiangazi. Wauza mazulia mnaiita abrashi, na mnaitambua hata gizani. Nyinyi mmepaka rangi ya dukani mpaka pote pakawa sawasawa. Nimepangusa kwa kitambaa cheupe chenye maji, kimetoka chekundu. Kitambaa ninacho.

Zulia hilo marehemu mume wangu alilinunua Firuzabad, kwa mama aliyelifuma mwenyewe, kitanda chake cha kufumia kimelazwa chini mlangoni mwa hema jeusi. Aliporudi alinikalisha akanionyesha kimoja kimoja kama alivyoonyeshwa: almasi yenye kulabu, kuku, boteh ambayo mimi nilimwambia mbona ni korosho ya kwenye kanga, na mwisho yule mbuzi. Mama yule hakuwa na karatasi ya kuigizia. Wanatoa kichwani, binti hukaa ubavuni mwa mama yake akatazama mikono, na ndiyo maana hupati mazulia mawili yaliyofanana. Ufumaji huo wa Fars, mkoa ulimo mji wa Firuzabad huko Iran, UNESCO imeuandika katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2010. Mtu anafunga vifundo safu kwa safu, miezi, bila kielelezo, almasi yake ikatoka pembe zote zimelingana, halafu wewe unasema hajui kuhesabu?

Narudia lililotokea, isije ikasemwa nimetia chumvi. Walikuwapo wateja wawili na kijana wako. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, napapasa pale mbuzi alipokuwa. Kiatu chako cha kushoto kilikuwa juu ya pindo. Nilikuomba ushuke. Hukushuka. Ulicheka kwanza, ndipo ukasema "alikuwa kosa". Kijana wako akainamisha kichwa. Yeye aliona haya. Wewe ukaniambia niwapishe wateja, kama kwamba mimi nimekuja kuomba.

Na kabla ya siku hiyo, wiki mbili nzima nilikuwa napiga simu, najibiwa "inshallah kesho". Kumbe ndizo siku mlizokuwa mkimfumua. Mlishindwa kuniuliza kwa simu hiyo hiyo?

Nilipoanza barua hii nilitaka riali zangu 35 tu. Sasa naona hazitoshi. Rangi mliyopaka iondolewe na fundi anayeijua sufu, kwa gharama yenu, na mimi nikiwapo. Nataka barua ya kuomba radhi, yenye jina lako na maneno yale yale uliyoyatamka. Thamani iliyopotea ikadiriwe na mtu asiye wenu, mnilipe yote. Na yule mama wa Firuzabad umwombe radhi humo humo ndani ya barua, hata kama haitamfikia.

Nawapa siku saba. Siku ya nane nitakuwa Mamlaka ya Kulinda Watumiaji na zulia, kitambaa, risiti, na picha niliyopiga usiku wa kuamkia kulileta, ambayo mbuzi anaonekana mpaka pembe zake. Picha hiyo na ya sasa nitaziweka pamoja, nizitume kwa kila mwanamke ninayemjua hapa Maskati mwenye zulia sebuleni.

Nyuzi za buluu mlizofumua nazitaka pia. Niliona mabaki mnayatia kwenye magunia nyuma ya duka. Tafuteni gunia kwa gunia, na lisitoke hata moja kwenda jaani kabla sijafika.

Mteja wenu,
Risiti namba 0417