YAH: Malalamiko kuhusu tiba ya minyoo ya moyo, na zile ngazi 14

Njiro, Arusha
28 Aprili 2025

Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kliniki.

Ndugu Meneja,

Naandika kwa heshima, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, isiishie mapokezi. Mapokezi yenu ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Tarehe 15 Aprili, siku ya saba tangu sindano ya tatu ya melasomini (dawa ya kuua minyoo hiyo), mbwa mnayemtibu minyoo ya moyo aliletwa kwenu akikohoa damu. Mhudumu akasema lazima apimwe uzito kwanza, na mizani iko ghorofani. Akamshika mnyororo, akampandisha ngazi kwa miguu yake. Ngazi ni 14. Alifika ya 11 akaanguka, fizi zikageuka kijivu.

Daktari yeyote aliyewahi kushika dawa hii anajua kwamba siku ya 7 hadi ya 10 ndizo za kuogopa. Minyoo iliyokufa, mingine mirefu kufikia sentimita 30, hukatika vipande na kusukumwa na damu hadi kwenye mishipa ya mapafu. Moyo ukienda mbio, vipande huenda kwa mkupuo na kuziba. Ndiyo maana mbwa hufungiwa kizimbani wiki 6 hadi 8 baada ya sindano ya mwisho, anatolewa kwa mkanda mfupi kwenda haja tu. Karatasi yenu ya masharti inasema hivyo hivyo, tena kwa wino mwekundu. Mhudumu wenu hajawahi kuisoma?

Sasa hesabu. Mbwa ana kilo 20, mmeandika wenyewe kwenye faili. Melasomini ni miligramu 2.5 kwa kila kilo, yaani miligramu 50, yaani chupa moja ya unga ikichanganywa na mililita 2 za maji yake. Sindano tatu, chupa tatu. Ankara yenu ina chupa sita, kila moja shilingi 310,000. Hizo tatu nyingine alichomwa nani? Doksisaiklini nayo mkaipunja. Dozi ni miligramu 10 kwa kilo, asubuhi na jioni, kwa siku 28: vidonge vya miligramu 100, viwili viwili, jumla 112. Mlitoa 56. Dawa hiyo huua bakteria wanaoishi ndani ya minyoo, ili minyoo ikifa isiyachafue mapafu kupita kiasi. Penye dawa ya bei chee mmekata nusu, penye dawa ghali mmezidisha mara mbili. Sijui mwalimu wenu wa hesabu ni nani.

Sindano ya kwanza, tarehe 6 Machi, ilichomwa pajani. Pajani! Dawa hii huchomwa ndani kabisa ya misuli ya kiuno, pembeni mwa uti wa mgongo, upande huu kisha ule, kwa sababu inaunguza nyama. Paja lilivimba, akachechemea wiki mbili. Ya pili na ya tatu hutenganishwa kwa saa 24. Ya pili ilikuwa Jumamosi tarehe 5 Aprili. Jumapili hamfungui, Jumatatu ilikuwa Siku ya Karume, ya tatu ikachomwa Jumanne. Kalenda si mnatugawia kila Desemba?

Narudi kwenye ngazi, maana kuna jambo sijaliandika. Mbwa akiwa amelala pale kwenye ngazi ya 11, povu lenye damu mdomoni, keshia alipaza sauti kutoka chini kwamba faili "limelala", lilipiwe upya shilingi 30,000 ndipo daktari aitwe. Alipoonyeshwa povu akajibu: "Akikohoa mpe asali na ndimu." Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Daktari alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anakunywa chai. Ngazi 14, ndugu Meneja, na mizani ya kubebeka imewekwa chini ya kaunta! Niliiona kwa macho yangu.

Yu hai kwa sababu alibebwa mikononi hadi kwa daktari mwingine, akakesha kwenye oksijeni na predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu. Shilingi 480,000.

Nilipoanza barua hii nilitaka mrudishe 930,000 za zile chupa tatu, basi. Nikiisoma tena naona ni kidogo. Nataka hizo, na 480,000, na 95,000 mlizochukua mapema kwa ajili ya "kipimo cha kupona" mlichopanga tarehe 5 Mei. Kipimo hicho, cha antijeni (alama za minyoo kwenye damu), hufanywa miezi 9 baada ya sindano ya mwisho. Mkipima Mei mtapima mabaki ya minyoo iliyokufa, kisha mtasema hajapona, kisha mtauza chupa nyingine sita. Jumla ni shilingi 1,505,000, pamoja na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya kila senti mliyopokea, maana mlichonipa ni karatasi ya mkono.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nawapa 7. Siku ya nane faili lote litakuwa Baraza la Veterinari Tanzania, na ile karatasi ya mkono itakuwa TRA, Mamlaka ya Mapato.

Wenu,
Mteja, mwenye mbwa wa kilo 20

N.B. Kamera ya ngazini ilikuwa inawaka taa nyekundu. Picha za tarehe 15 msizifute.