Mwizi anarudi palepale, sisi tunasubiri nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni. Kila uhalifu ukizidi wimbo ni uleule, askari waongezwe, vifungo virefushwe, magereza yajengwe. Sipingi mkosaji kufungwa, ila hayo yote ni mambo ya baadae, mtu kashaumizwa kashaibiwa ndo tunaamka.

Mi nimevunjiwa nyumba mara mbili. Mara ya kwanza waling'oa nondo moja tu ya dirisha la jikoni wakapita, nikaenda kituoni nikaandikisha maelezo nikapewa namba ya jalada, basi, hakuna aliyekuja hata kuliangalia hilo dirisha wala kuniambia kwamba nyumba iliyoibiwa mara moja ndo iko kwenye hatari kubwa ya kuibiwa tena. Ile nondo nikaifunga kwa waya nikimsubiri fundi. Mwezi haujaisha wakapita palepale, waya umekatwa umelazwa vizuri kabisa pembeni ya sinki, na TV niliyonunua kufidia ya kwanza wakaibeba.

Baadae nikaja kusoma kumbe hili lilishafanyiwa kazi kitambo. Mtaa wa Kirkholt, mji wa Rochdale kule Uingereza, miaka ya 1980, waliona wizi mwingi unarudia nyumba zilezile, maana mwizi ameshajua njia na anajua umenunua vitu vipya. Wakaanzia kwa walioibiwa: vitasa vikabadilishwa, mita za gesi na umeme za kutumbukiza sarafu ambazo wezi walikuwa wanazivunja kuchukua hela zikaondolewa, na majirani kama sita hivi wakaombwa kuiangalia ile nyumba. Ndani ya miezi mitano wizi wa majumbani ukashuka zaidi ya nusu, na hapo hakuna kifungo kilichoongezwa hata siku moja.

Cardiff, mji wa Wales, nako daktari wa upasuaji, Jonathan Shepherd, aligundua majeruhi wengi wa ugomvi hawaendi kabisa polisi. Sasa mapokezi ya hospitali yakawa yanauliza maswali machache tu, umepigiwa wapi, saa ngapi, kwa kitu gani, majina yanafutwa halafu taarifa zinapelekwa kwa polisi na halmashauri, wanajua baa ipi na saa ipi waelekeze nguvu. Maswali machache tu jamani!

Halafu sio kila kinachoitwa kuzuia kinazuia. Kuna watu wanapenda sana vijana wapelekwe gerezani wakatishwe na wafungwa ili waogope, utafiti uliokusanya majaribio ya namna hiyo Marekani ulikuta waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa. Hela inapotea na mtoto anaharibika.

Ninachoomba kwa wahusika ni kidogo, anayeandika maelezo ya aliyevunjiwa aulize pia walipitia wapi, na mtu aende akaone pazibwe siku hiyohiyo, mwezi unaofuata wampitie tena. Bajeti ya vitasa vya nyumba moja haiwezi kufikia ya kumlisha mfungwa mwaka mzima.

Jirani yangu kavunjiwa wiki iliyopita, mlango wa nyuma. Polisi walipoondoka nilienda mwenyewe na fundi, tumemaliza kufunga komeo saa tatu usiku.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.