Msikate mwanzo wa tamthilia za watoto

Mhariri,

Enzi za Machachari, tamthilia ya watoto kwenye runinga ya Citizen, wimbo ulipoanza tu, watoto wa ploti nzima walijaa sebuleni kwetu kabla wahusika wake Baha na Govi hawajaonekana. Siku hizi naona mwanzo wa tamthilia ya watoto ukikatwa katikati kupisha matangazo, na jina lake limeandikwa kwa herufi nyembamba za manjano juu ya anga jeupe. Mimi huchora mabango. Maandishi hayo ya manjano hayasomeki hata na mtu mzima, sembuse mtoto wa gredi ya pili! Watayarishaji, andikeni kwa herufi nene zenye ukingo mweusi. Na kila mwigizaji mtoto aonyeshwe sura pamoja na jina lake. Watoto hao wameitolea jasho heshima hiyo.

Mchoraji mabango,
Nakuru