Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: picha za kichwa na mfuko wetu wa dharura

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wenye kifafa na kiharusi hapa Tanga, ndugu wauguzaji, na wageni wetu wa Muheza na Pangani mliodamka na mabasi ya kwanza. Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu wote shikamooni.

Katibu ameniambia akidi imetimia. Desturi yetu taarifa hii huanza na hesabu, lakini hesabu nimemwachia Mweka Hazina. Atazisoma baada yangu, risiti kwa risiti, na anayetaka kubishana abishane naye. Mimi nina jambo moja lililotugawa tangu mfungo wa Ramadhani: mfuko wa dharura ulipie picha za kichwa za nani, na lini.

Ugomvi wenyewe mnaujua ulipoanzia. Mama mmoja wa Makorora aliomba mkopo ampeleke mwanawe Dar es Salaam kwa MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ya ndani ya mwili. Kijana anaanguka kifafa tangu utotoni. Kamati ikapitisha. Wakaondoka na basi la alfajiri, wakalala kwa ndugu Mbagala, wakapiga picha, wakarudi na bahasha kubwa na jibu la mistari mitatu: hakuna kilichoonekana. Mama akaja ofisini, yaani barazani kwangu, maana ofisi tutaipata Mungu akipenda, akaitupa bahasha mkekani. "Mwenyekiti, pesa imekwenda na mtoto haumwi. Sasa anayeanguka kila wiki ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimkaribisha chai, naye hakuinywa. Tangu siku hiyo nimewasumbua madaktari na mafundi wa mionzi kila nilipowakuta, hata kwenye foleni ya samaki Deep Sea, na haya ndiyo niliyoyapata.

Nyumba ukiipiga picha, utaona kuta, paa na nyufa. Huoni waya za ndani zinazopiga shoti. MRI inapiga picha ya jengo la ubongo. Kifafa, mara nyingi, ni hitilafu ya umeme wake, na jengo linaweza kuwa zima kabisa mtu akawa anaanguka. Umeme huo una kipimo chake, kile cha kubandikwa waya kichwani, EEG, alichokianzisha Mjerumani Hans Berger mwaka 1924. Nacho kinaweza kutoka safi ikiwa siku hiyo ubongo umetulia. Ndiyo maana daktari mzuri wa kifafa huanza kwa kumsikiliza aliyeshuhudia mtu akianguka: alianza mkono gani, macho yalielekea wapi, alichukua dakika ngapi, alipoamka aliwajua watu? Simu mnazo. Mgonjwa akianguka, mmoja amlaze ubavu, mwingine arekodi. Video ile ya dakika mbili inaweza kumfaa daktari kuliko safari ya Mbagala.

Sisemi picha haina kazi kwenye kifafa. Inatafuta kilichoharibu ukuta: kovu, uvimbe, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyogeuka vifuko ndani ya ubongo. Hilo la tegu nalisema kwa sauti kwa sababu wengi hapa husema halituhusu, hatuli nguruwe. Vifuko vya ubongoni havitoki kwenye nyama. Mtu huvipata kwa kumeza mayai yanayotoka katika choo cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga. Jirani akiwa na tegu na asinawe, kachumbari yako haiulizi dini yako. Na ukiwa mtu mzima uliyeanza kuanguka ukubwani, au upande mmoja wa mwili umedhoofika, au dawa mbili zimeshindwa, hapo picha ni haki yako, na kamati isikupe maneno mengi.

Kwa mama wa Makorora, basi, jibu ni kwamba mwanawe anaumwa, na picha safi ilikuwa habari njema iliyokosa mtu wa kuisoma vizuri. Kosa ni letu kamati. Tulilipa bila kuuliza picha inakwenda kujibu swali gani.

Sasa kiharusi. Hapa sina sauti ya mwenyekiti, nina sauti ya mke wa mtu.

Mume wangu alishikwa kabla ya adhana ya alfajiri, nyumbani Ngamiani. Nilisikia kikombe kinaanguka. Nikamkuta ameegemea mlango, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia kama nguo mbichi. Jirani akasema ni upepo. Tukamkanda mafuta ya nazi. Nami kwa ujuzi wangu wa redioni nikamponda aspirini mbili, nikamnywesha na maji, nikasubiri kupambazuke ili tusiwasumbue watu. Hospitali tulifika adhuhuri imepita. Daktari kijana akainua picha dirishani, akanionyesha doa jeupe kama tui upande wa kushoto, akaniuliza taratibu, "Mama, mmempa dawa gani?"

Doa jeupe lilikuwa damu. Mshipa ulipasuka. Na mimi nilikuwa nimempa dawa inayozuia damu isigande.

Kiharusi kina sura moja na asili mbili. Kimoja ni mshipa kuziba, kingine ni mshipa kupasuka. Mdomo unakwenda upande vilevile, mkono unalegea vilevile. Hakuna mganga, hakuna muuguzi, hakuna profesa anayeweza kuvitofautisha kwa macho akawa na uhakika. Dawa inayomwokoa wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Anayewatenganisha ni CT scan, mashine ya mionzi inayopiga picha ya kichwa kutoka pande nyingi, kwa dakika chache. Damu mbichi hung'aa nyeupe. Mshipa ukiwa umeziba, saa za mwanzo picha inaweza kutoka kama ya mtu mzima, na hiyo isiwaudhi: mashine imeshajibu swali lililokuwa la haraka, kwamba damu haikuvuja.

Ilivyopatikana mashine hiyo inanifurahisha. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, mwaka 1956 alikuwa anafanya kazi hospitali ya Groote Schuur kule Cape Town, akajiuliza namna ya kukokotoa kilichomo ndani ya mwili kwa kupitisha mionzi kutoka pande nyingi. Alipochapisha hesabu zake, karibu hakuna aliyezijali. Kule Uingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, ile ya santuri, akaifikia njia hiyohiyo kivyake na kuunda mashine yenyewe. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa tarehe 1 Oktoba 1971 jijini London. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel. Kabla yao, eksirei ya kichwa ilikuonyesha fuvu tu, na ubongo ukabaki siri ya Mungu.

Ya karibuni ni makubwa zaidi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ilithibitishwa mwaka 1995, kwa sharti ichomwe ndani ya saa 3 tangu dalili kuanza. Mwaka 2008 utafiti ukasogeza hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2015 majaribio kadhaa yalionyesha kwamba bonge kubwa linaweza kuvutwa kwa waya mwembamba uliopitishwa kwenye mshipa wa kinena mpaka kichwani. Na mwaka 2018 picha ndiyo iliyovunja saa: ikionyesha kwamba sehemu iliyokwisha kufa ni ndogo na iliyobaki ina njaa ya damu lakini ingali hai, mgonjwa aliyechaguliwa vizuri anaweza kuvutwa bonge hadi saa 24 tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Mwaka huohuo Marekani iliruhusu programu ya kompyuta inayoisoma picha na kumpigia daktari kengele kwenye simu.

Msitoke hapa mkasema mwenyekiti kasema tuna saa 24. Huko kunahitaji mashine, waya, na mikono iliyofundishwa. Sisi tuhesabu dakika. Jeffrey Saver, daktari wa ubongo wa Marekani, alipiga hesabu mwaka 2006 kwamba kiharusi cha mshipa mkubwa kuziba huua seli za ubongo milioni 1.9 kila dakika, kwa wastani. Mimi nilikaa tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Zidisheni wenyewe, mimi nimekataa kuzidisha.

Mwaka huu fundi baiskeli wetu wa Chumbageni alishikwa saa 4 usiku. Binti yake alikuwa amehudhuria semina yetu. Hakumpa kitu mdomoni, akaandika saa kwenye kiganja kwa kalamu, akasimamisha bajaji. Walifika ndani ya saa moja, picha ikapigwa, damu haikuonekana. Dawa ya kuyeyusha haikuwepo walipofika, na hilo limetuuma. Lakini aspirini alipewa baada ya picha, na mtu aliyejua anachofanya. Alipimwa kama anaweza kumeza kabla ya kulishwa uji, presha ikashushwa kwa mpango. Leo yupo hapa, mstari wa tatu, na fimbo yake. Mume wangu naye yupo hai, alhamdulillahi, anacheza bao kwa mkono wa kushoto na bado anaiba kete.

Wazazi wa watoto waliopata degedege waliniomba niseme kuhusu malaria. Sisi wa Tanga tunaijua. Utafiti uliothibitisha kwamba dawa ya artesuneti inaokoa watoto wenye malaria kali kuliko ile ya zamani, kwinini, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha watoto 5,425 wa Afrika, na baadhi yao walitibiwa Muheza na Korogwe. Watoto wetu hao. Lakini hata dawa ikiwa nzuri, wengine walikuwa wanakufa na hakuna aliyejua wanakufaje. Jibu lilitoka Blantyre, Malawi, ambako Daktari Terrie Taylor na wenzake waliwapiga MRI watoto waliopoteza fahamu kwa malaria. Majibu yalitoka mwaka 2015: kati ya watoto 168, walikufa 25, na 21 kati ya hao 25 walifika hospitali ubongo ukiwa umevimba vibaya. Waliopona walikuwa 143, na wenye uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39 tu. Ubongo ukivimba ndani ya fuvu hauna pa kwenda, hukandamiza shina la ubongo linaloendesha pumzi. Na wale waliopona, uvimbe ulikuwa unashuka ndani ya siku chache. Maana yake ukiweza kumsaidia mtoto kupumua siku hizo, huenda akavuka. Mwaka mzima sijasoma habari iliyonikaa moyoni kama hii, na imetoka kwa jirani.

Huko huko Blantyre imefika MRI ndogo ya magurudumu, inayosukumwa hadi kitandani na kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Marekani iliiruhusu mwaka 2020. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla: yake ni 0.064, wakati za hospitali kubwa ni 1.5 au 3, kwa hiyo picha yake ina ukungu, lakini uvimbe mkubwa inauona. Kwetu, fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilinunua CT scan za hospitali za rufaa za mikoa. Mashine kuwa mkoani ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni wewe kutoka Pangani usiku.

Ndipo pendekezo la kamati linapoingia. Kwanza, mfuko wa dharura uanze na usafiri: yeyote aliyeshikwa ghafla na dalili za kiharusi, dereva alipwe na mfuko bila fomu, bila kikao, hata saa 8 usiku, na risiti zifuate. Pili, picha ya kiharusi cha ghafla ilipiwe palepale kama bima haipo. Tatu, picha nyingine zote zije na barua ya daktari inayosema anatafuta nini, na picha ya kurudia kwa sababu ya kutoridhika tu, mfuko usilipe. Najua wapo watakaosema tumekuwa wagumu. Mama wa Makorora ni mmoja wa waliosaidia kuandika pendekezo la tatu.

Mambo madogo. Filamu za picha msizifiche chini ya godoro. Joto letu linazigandisha, na mwaka huu tumepoteza mbili. Mkipewa diski, ombeni pia jibu lililochapwa, kwa sababu mzee mmoja alizunguka na diski yake vyumba vitatu na hakuna kompyuta iliyokuwa na mahali pa kuichomeka. Anayekwenda MRI avue kila chuma: bangili, pini za mtandio, na hirizi yenye kikopo. Mwanachama mmoja alikataa kuvua hirizi, fundi naye akakataa kuwasha mashine, wakakaa saa nzima wakitazamana. Mwishowe shangazi yake akaishika nje ya mlango, akiisomea. Picha ikatoka vizuri.

Dawa za kifafa zilikatika mara mbili mwaka huu. Katibu ana orodha ya maduka yaliyokuwa nazo. Semina za mitaani ziliendelea, isipokuwa wakati wa masika.

Naomba sasa Katibu asome mapendekezo matatu neno kwa neno, tupige kura kwa kunyoosha mkono. Wenye mkono mmoja unaonyooka, huohuo unatosha.