Dawa za mifupa na maumivu ya paja

Mheshimiwa Mhariri,

Makala yenu iliyosema kwamba dawa za osteoporosisi, ugonjwa wa kudhoofika kwa mifupa, huweza kuvunja mfupa wa paja, imewatia hofu akina mama wazee hapa Bukavu. Ni kweli, mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba alendronati, mojawapo ya dawa hizo, na nyingine za jamii yake, hasa zikitumiwa zaidi ya miaka 5, huweza kwa nadra kuhusiana na kuvunjika kwa mfupa wa paja. Lakini kuziacha bila ushauri wa daktari kunaongeza hatari ya kuvunjika nyonga.

Kabla ya paja kuvunjika hivyo, mara nyingi hutangulia maumivu ya paja au kinena, ambayo mama anayepanda mlima wa Kadutu, mtaa wa hapa kwetu, na mzigo atayadhania kuwa uchovu tu. Naomba wauza dawa wamwulize kila mnunuzi wa dawa hizi alianza lini kuzitumia, na madaktari wapige picha ya mapaja yote mawili, kwani la pili nalo huweza kuwa na ufa.

Msomaji wenu, Bukavu